Mkia Usio na Mistari

Aliyeshika kipaza sauti siku tunamzika Daktari Nyamisi alikuwa Sospeter Mugeta. Naanza na jina lake ili kesho asije akasema nilimsema kwa mafumbo. Alisimama pale Nyasura, nyumbani kwa kaka wa marehemu, chini ya turubai, ndani ya suti ya kijivu inayombana tumbo, akasema kwamba yeye na marehemu walipigana bega kwa bega kuokoa samaki anayeitwa ngege asipotee ziwani. Bega kwa bega! Mimi nilikuwa jikoni kwa nje, nasonga ugali wa waombolezaji na wanawake wenzangu. Niliuacha mwiko ndani ya sufuria ukasimama wenyewe, nikaenda mbele. Mshereheshaji akanizuia kwa mkono, "Mama, zamu ya majirani bado." Nikamwambia mimi sio jirani. Akaniuliza basi ni ndugu? Nikasema sio ndugu. Akauliza mfanyakazi mwenzake? Nikamwambia ofisi haijawahi kulijua jina langu. Vijana wawili wakanishika mikono kwa adabu, kama wanavyomshika mtu anayetaka kuanguka kwa uchungu, wakanirudisha kwenye moshi. Huku nyuma Mugeta anafuta macho kwa leso. Kwa hiyo naandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, anayetaka Kiswahili cha redio akafungue redio.

Mwaka ninaousema ni ule ambao maduka ya Musoma yalianza kujaa tena. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, miaka ya kunywa chai ya chumvi, halafu ghafla ikawa ruksa: mitumba, betri, sukari, khanga, kila kitu kipo na sisi hatuna cha kununulia. Viwanda vya minofu vikafunguliwa, na magari ya barafu yakaanza kufika mpaka kwetu Murangi kubeba sangara. Watu walimshangilia sangara kama bwana harusi. Mimi nilikuwaga mkausha samaki, nina tanuri langu la udongo na kuni zangu, na kabla ya magari hayo wavuvi walikuwa wananiita dada. Baada ya magari wakaniita wewe. Samaki mzima hatukumwona tena. Tulichoachiwa ni mapanki, yaani kichwa na mifupa kiwandani wakishachuna nyama, tunayagombania kwenye mchanga, tunayakaanga, tunayauza kwa watu ambao ziwa hilo ni la babu zao. Nyama imepanda ndege. Na yule sangara, kabla hajawa mali ya kiwanda, alikuwa ameshameza kila kitu humo majini: furu, ningu, na ngege. Ngege ndiye samaki tuliyempikia mzazi, ndiye tuliyemwekea mkwe. Vijana wetu wa sasa mkiwaambia ngege wanadhani ni tusi.

Ndipo akaja Murangi mwanamke mrefu, mweusi, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, anauliza kama kuna mtu anaweza kumpatia ngege aliye hai. Wanaume walicheka mpaka mmoja akaangusha kasia. "Hai wa nini, mama? Unataka kumwoa?" Akasema anataka azae. Wakacheka zaidi. Yeye akasimama tu hapohapo anawaangalia mpaka kicheko kikawaishia mdomoni. Baadaye alinikuta tanurini, akaniuliza mambo ya ngege, nikamjibu bila upole maana sikuwa na sababu ya upole. Akaniuliza nina mume? Nikamwambia yupo aliyekuwepo. Akasema anatafuta mtu wa kukaa na samaki, mtu ambaye hatawatafuna. Nikamwambia mimi ninakulaga samaki kila siku ya Mungu. Akasema, "Nimeona. Lakini hujanidanganya." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa na Daktari Nyamisi.

Nyumba yake ilikuwa Buhare, pembeni mwa mji, vyumba viwili na sebule, na sebule yote ilikuwa maji. Hakukuwa na kiti. Mapipa yaliyopasuliwa katikati kwa urefu, mabeseni, na nje kwenye ua karo la saruji lililofunikwa chandarua kwa ajili ya mnyangwa, yule ndege mwenye shingo ndefu anayenyata. Kulikuwa na mashine ndogo ya kupuliza hewa ndani ya maji, imetoka Ulaya, lakini umeme wa Musoma wa wakati huo ulikuwa unakuja kama mgeni asiye na haya, anakuja akitaka, anaondoka bila kuaga. Kwa hiyo hewa tulipuliza kwa mikono. Unachota maji kwa kikombe cha bati, unainua mpaka usawa wa macho, unamwaga yaanguke kwa kishindo, unachota tena. Tuliita kuwanywesha upepo. Mkono ukichoka unabadilisha mkono. Daktari alikuwa anafanya hivyo huku anasoma, kitabu kimeegemea ukuta, hata hatazami beseni. Harufu ya nyumba ilikuwa ya matope mabichi, na mpaka leo nikinusa lambo lililonyeshewa nalia, kisha nakasirika kwamba nimelia.

Tulikula ugali wa muhogo na mtama, kitoweo dagaa au mlenda, tunakalia ndoo zilizogeuzwa. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa mmoja na wa mwenye nyumba, Mama Eliya, Msabato wa kweli, na kupitia ukuta ule tulisikia kila alichotusema kwa wageni wake. "Ana digrii ngapi sijui, na anaogesha samaki. Mungu ameshasema, mwenye mapezi na magamba mle. Hakusema mumfugie chandarua." Daktari alikuwa anajibu kwa sauti, hapohapo kwenye sahani yake, "Amina, mama!" na ukuta unanyamaza. Shida nyingine ilikuwa hilo jina la Daktari. Akina mama walikuja na watoto wagonjwa asubuhi na mapema.

"Daktari, mtoto anaharisha."

"Mama, mimi ni daktari wa samaki."

"Sawa, mama. Lakini anaharisha."

Mwisho aliweka pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya, akawa anawagawia, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyopata mji mzima.

Ngege tuliwapata kwa taabu. Ziwani palipo wazi hawakuwepo tena, walikuwa wamebaki kwenye vichochoro vya matete na mafunjo, ndani kabisa, ambako maji ni mazito na hewa ni kidogo, sangara hawezi kuvumilia. Tulipita na mtumbwi tukisukuma kwa mti. Nilijifunza kumtambua kwa Daktari, sio kwa akili yangu: sato ana mistari mkiani, imesimama kama shati la mfungwa, ngege hana. Ngege kichwa ni kidogo, mkia ni safi. Na sato ni mgeni kama sangara, aliletwa, sema tu alikuja akiwa mpole. Daktari alitangaza kwamba atampokea ngege yeyote aliye hai kutoka kwa mvuvi. Ndipo akatokea Kaitira wa palepale Murangi, mtu tuliyecheza naye utotoni, akaleta samaki watano wazuri kwenye dumu. Daktari akawatazama, akamnyanyua mmoja. Mkia ulikuwa umekatwa kwa mkasi, nusu nzima, ili mistari isionekane. "Baba Kaitira," akamwambia, "huyu umemnyoa?" Kaitira akaapa kwa mama yake kwamba ni mamba kamng'ata. Wote watano, mamba mmoja, anang'ata kwa mstari ulionyooka. Naweza kuwasamehe wengi, lakini ile jeuri ya kumkata kiumbe mkia ili umdanganye mtu anayemtetea, hiyo nimeiona tena mara nyingi kwa watu waliovaa tai.

Mabeseni hayakuweza kuwa makazi. Daktari alitaka maji makubwa yaliyo mbali na ziwa, ambako sangara wala sato hajawahi kufika, na akayapata upande wa Butiama, kwenye vilima vile vya mawe: lambo la ng'ombe lililochimbwa enzi za vijiji, maji ya kijani, hakuna samaki zaidi ya kamongo mmoja ambaye watu walimwogopa. Lambo lilikuwa na kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Wambura, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Kikao kilikuwa kirefu. Walisema samaki watachafua maji, watavuta watu wa ziwani, wataleta kamongo wengine. Walisema wao ni watu wa ng'ombe. Hapo ndipo Daktari aliposema neno ambalo nimelirudia kichwani zaidi ya sala. Alisema, "Wazee wangu, hawa ni kama ng'ombe wenu. Wewe Mzee Wambura, ukibaki na mitamba wachache tu wa ukoo wako duniani, ungewaacha waishe?" Wazee wakatazamana. Yule mzee akasema, "Nisingelala." Wakakubali. Tukapiga makofi. Tulirudi Buhare tunaimba ndani ya pikapu ya ofisi, na Daktari anaimba vibaya sana.

Miezi iliyofuata ndiyo pekee ya mwaka ule ninayoikumbuka bila kukunja ngumi. Tuliwamwaga kwenye lambo lile kwa mafungu, na wale ng'ombe wanakunywa upande mmoja, wavulana wanaoga upande mwingine, ngege wakashika upande wa matete. Ngege jike anaatamia mayai mdomoni. Hali chochote, anakonda, anazunguka na watoto wake ndani ya shavu, akiona hatari anafungua mdomo wanaingia wote kama vumbi linalovutwa na upepo. Siku tulipoona kundi la kwanza la vifaranga ukingoni, Daktari alinishika bega kwa nguvu mpaka likauma. Wanawake waliokuja kuteka maji wakasimama na ndoo kichwani wanaangalia. Mmoja akasema, "Mama zetu wangekuwa hivyo tungekuwa wapi?" Wakacheka. Mzee Wambura mwenyewe akaanza kuwatupia pumba, akawa anawaonyesha wageni wake baada ya kuwaonyesha zizi. Aliwafukuza kwa fimbo vijana wawili waliokuja na ndoano. Sikatai wema wake wa wakati huo. Nauandika ili mjue kilichoharibika kilikuwa kizima.

Sasa nakuja kwa Mugeta. Alikuwa afisa mkubwa wa samaki pale mjini, bosi wa Daktari kwa cheo tu, maana Daktari alikuwa amesoma mbali zaidi, na hilo ndilo lililomwasha. Alikuja Buhare mchana mmoja na wageni wawili, mmoja wa makao makuu, mwingine mfanyabiashara mwenye saa kubwa. Sebuleni hapakuwa na viti, wakasimama katikati ya mapipa wanashika suruali zisilowe. Mimi nilikuwa kwenye kikuta cha jikoni, napepeta mtama, na nikaacha kupepeta ili nisikie. Mugeta alicheka, "Ndio hawa? Samaki wa kiganja! Dada Nyamisi, hebu tuwe wakweli. Siku hizi ni biashara, sio makumbusho." Yule wa saa akauliza kwa nini wasiweke sato kwenye malambo yote ya wilaya, wakue, wauzwe. Daktari akaeleza taratibu, kama anamfundisha mtoto. Alisema sato akiwekwa na ngege hamli. Afadhali angemla. Anazaa naye. Watoto wanatoka wachotara, na wachotara wanazaa, na baada ya vizazi vichache hakuna ngege tena, kuna samaki tu. "Na huwezi kuwarudisha," akasema. "Sangara unaweza kumvua. Damu iliyochanganyika utaivua na nini?"

Halafu nikasikia sauti ya Mugeta mwenyewe, sio ya mtu mwingine, ikisema, "Nimekuelewa vizuri sana, Daktari. Sato wasiwekwe penye ngege. Nimeelewa." Nilisikia kwa masikio haya mawili. Kwa hiyo siku akija mtu kuwaambia kwamba zamani watu hawakujua, kwamba elimu ilikuwa kidogo, mwambieni yuko mama mmoja mkausha samaki aliyekuwa na ungo mapajani, na alisikia. Mugeta alijua. Alielezwa akiwa amesimama, na akarudia somo bila kukosea.

Haukupita muda Daktari akaitwa Mwanza kwenye mkutano wa kupitisha mradi, na huo mkutano ulikuwa unasogezwa mbele kila siku, mara mkubwa hajafika, mara karatasi hazijaja. Nilibaki peke yangu Buhare nawanywesha upepo wale tuliowabakiza nyumbani. Pikapu ya ofisi ilichukuliwa, eti kwa kazi maalumu. Aliporudi amekonda na mafua, hakutaka hata kula, akakodi pikapu ya kijana mmoja anaitwa Magesa tukaenda lamboni siku hiyohiyo. Mzee Wambura alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Karibu, Daktari. Tumekufanyia jambo."

"Jambo gani tena, mzee wangu?"

"Ulituambia hawa ni kama ng'ombe wetu. Sasa sisi ng'ombe wakiwa wafupi, tunaazima fahali kwa watu. Damu inaongezeka, ndama wanakuja na mabega. Tumekuletea mafahali."

Akachota pumba kwenye mfuko wa koti, akatupa. Maji yakafumuka. Migongo ikaja juu, minene, inasukumana, inawapiga chini wale wadogo. "Ona mabega hayo!" akasema mzee. Mmoja aligeuka, na mkia ukatoka majini, una mistari kama shati la mfungwa. Daktari alikaa chini, kwenye matope ya kwato, na sketi yake ya kuendea mikutano.

"Nani kawaleta?"

"Gari la serikali. Bwana Mugeta alikuja mwenyewe, akamwaga kwa mkono wake. Akatuuliza mnafanyaje ng'ombe wakidumaa, tukamwambia. Akasema ndiyo hivyohivyo. Akasema wewe umekubali, uko Mwanza unaweka saini." Mzee akamwinamia, akaanza kuingiwa na wasiwasi. "Binti yangu, hujafurahi?"

Daktari akamwuliza, "Mzee, ukichanganya maziwa na maji, utayatenganisha?"

"Hapana. Lakini haya ni maziwa na maziwa."

Nimefikiri miaka mingi mtu angejibu nini hapo. Daktari hakupata, na alikuwa na digrii zake zote. Mzee Wambura simsamehei, lakini simkalishi benchi moja na Mugeta. Mzee alifanya alichofanya kwa upendo wa mfugaji, alitaka vitu vya mgeni wake vinenepe. Mugeta alisikia mfano wa ng'ombe kule kijijini, akauchukua, akaugeuza panga. Alijua mzee yule hawezi kukataa fahali. Alitaka lambo la kuwaonyesha wakubwa, lenye samaki wanaoruka, na alilipata. Walikuja wakapiga picha. Akapanda cheo.

Daktari hakukata tamaa siku ile, na hilo ndilo lililotuponza. Alirudi akaomba kikao. Akasema wale sato wakubwa hawajazaa bado, au wamezaa kidogo, wacha tupunguze maji ya lambo, tuvute nyavu, tumkague kila mmoja mkia, ngege tuwatoe tuwapeleke kwingine. Lakini kiangazi kilikuwa kimeanza, nyasi zimekuwa nyeupe, na ng'ombe wanatembezwa kutoka mbali kuja kunywa. Kupunguza maji! Hata mimi niliona neno hilo linavyotua. Mwanamke mmoja alisema, "Kwa hiyo ng'ombe wanywe matope kwa ajili ya mkia?" Mwingine, "Huyu hajazaa, ndiyo maana anazalia majini." Walicheka, lakini sio kile kicheko cha kwanza. Daktari akafanya kosa la kuingia majini na wavu wake mdogo mbele yao. Jiwe la kwanza lilipiga maji. La pili lilimpiga mgongoni. Nilipoingia kumtoa, Chacha, mtoto wa kaka yake Wambura, alinipiga fimbo ya kuchungia hapa juu ya jicho la kushoto, na jicho hilo tangu hapo linaona kama kuna ukungu. Nilimwona Chacha kule Bunda mwaka jana, ana duka la dawa za mifugo. Akaniita mama, akaniuliza macho yangu yanasumbuliwa na nini. Nikamwambia na wewe. Alicheka, akadhani ni utani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Amri ya uhamisho ikaja, Daktari apelekwe ofisi moja ya bara kabisa, kwenye nchi ambayo maji ya kunywa yenyewe yanaletwa na punda. Mugeta alikuja mwenyewe kumwambia, amesimama mlangoni, hakuingia. "Uhamisho ni kitu cha kawaida, dada. Usiuchukulie moyoni." Mama Eliya akataka nyumba yake, na akauliza, huku anaangalia karo, kama tunaondoka na vyote. Walikuwa wamebaki ngege wachache, wale wazazi tuliowaweka akiba, madume na majike, na jike mmoja shavu limejaa, anaatamia. Daktari akasema hawezi kuwaacha Buhare wakaangwe, na hawezi kuwapeleka kwenye nchi kavu. "Tutafute lambo jingine. Yako mengi. Mugeta hawezi kuwa ameyafikia yote."

Tulipakia pipa kwenye pikapu ya Magesa asubuhi, tukalifunika gunia bichi. Mimi nilikaa nyuma na kikombe cha bati. Tulianza na lambo la jirani ya Butiama, tukashuka kuelekea Bunda, kila panapoonekana maji tunasimama. Daktari anashuka na wavu wake, anarusha, anavuta, anaangalia mkia, anarudisha. Mistari. Tunapanda gari. Lambo jingine, watoto wanakimbilia gari wanapiga kelele, "Wameleta wengine! Wameleta wengine!" Anarusha, anavuta. Mistari. Pa tatu hatukuhitaji hata wavu, maana mzee mmoja aliyekuwa ananywesha punda alituambia kwa furaha, "Hapa msihangaike, sisi tumeshapata. Wa Bwana Mugeta." Magesa alikuwa kijana wa maneno mengi, lakini kufikia hapo alikuwa ameacha hata kupiga honi. Jua likawa kali. Maji ya pipa yakapata moto, nikachota na kumwaga, nachota na kumwaga, mikono yote miwili imevimba, na ngege wanakuja juu wanafungua midomo kwenye hewa. Yule jike alivumilia kuliko wote. Halafu nikamwona anatikisa kichwa, akafungua mdomo, akatema. Mayai ya njano yakazama polepole mpaka chini ya pipa. Nilimwita Daktari, gari likasimama. Alichungulia. Alijaribu kuyakusanya kwa kikombe ayarudishe karibu na mdomo wake, na jike anakwepa, anakwepa. Sijawahi kuona mtu mzima anaomba samaki.

Tulikuwa upande wa ziwa wa Bunda. Daktari akamwambia Magesa ageuze aende mwaloni, ufukwe wa wavuvi, ule ulio karibu, wowote. Nikamwuliza, ziwani kwa sangara? Akasema, "Kwenye maji yao. Wafie kwenye maji yao, sio ndani ya pipa." Tukafika mahali pana mchanga na matete kidogo pembeni, mitumbwi imeanikwa, wanaume wanashona nyavu, wanawake wanageuza dagaa. Tukalishusha pipa sisi watatu, tukaliburuta mpaka maji ya magoti. Watu wakaanza kusogea. Mwanaume mmoja, kifua wazi, mcheshi, akauliza, "Mama, mnatupa nini?"

Daktari hakuwa mtu wa uongo. Akasema, "Ngege."

Lile neno lilipita ufukweni kama kengele ya kanisa. Mwanamke mmoja mzee aliacha dagaa zake akasimama, "Ngege? Ngege wa kweli?" Mwingine akasema hajamtia mdomoni tangu alipozaa kifungua mimba wake. Sisi tulikuwa tumeshainamisha pipa. Walitoka wazima, karibu wote, wakakaa kidogo mchangani kwenye maji mafupi, hawajui waende wapi, mikia yao safi kabisa, halafu wakaanza kuelekea kwenye matete. Wanaume walikuwa tayari wananyanyua wavu. Hawakuwa na ubaya hata kidogo usoni. Mmoja alitupita kwa heshima, akasema, "Samahani, mama, pisha kidogo." Wakazungusha ile sehemu ya matete, wawili upande huu, wawili upande ule, wanapiga maji kwa mikono, na wanawake ukingoni wanashangilia na kutuita wageni wa baraka.

Daktari alienda kukaa ndani ya gari, akafunga kioo. Mimi sikwenda. Nilisubiri mpaka yule mcheshi alipotoka majini, amemshika yule jike kwa matundu ya mashavu, nikamwuliza anaitwa nani. Akacheka, akapangusa maji usoni, akanitajia jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, Mafuru Malima Kubyo, akalirudia taratibu nisije nikalisahau, maana alifikiri nataka kumkumbuka kwa wema.